Kupanga na Kuuza Mapambo ya Mkono Katika Maonyesho

Swali ambalo wasomaji wetu hawachoki kuliuliza, nasi hatuna haki ya kuchoka kulijibu, ni hili: mtu ametunga shanga usiku na mchana, au amefua fedha, au amesugua kifuu cha nazi mpaka kikang'aa, akaenda na kazi yake Sabasaba au katika maonyesho ya mkoa wake, akasifiwa na kila aliyepita mbele ya meza, na jioni akarudi nyumbani na sanduku lake likiwa na uzito ule ule liliotoka nao, je, kosa liko katika kazi, katika bei, au katika bahati? Aghalabu haliko katika hata moja ya hayo matatu. Liko katika masafa yaliyopo baina ya jicho la mpitaji na mkono wake. Pambo halinunuliwi kwa kutazamwa. Hununuliwa likiisha kushikwa, likavaliwa, na aliyelivaa akajiona nalo katika kioo. Yote yafuatayo, tangu kuchagua banda hata kufunga bidhaa katika karatasi, yana kusudi la kuyafupisha masafa hayo.

Kabla ya kulipia banda

Usilipe hata senti kwa maonyesho usiyoyajua kwa macho yako, ikiwa una nafasi ya kuyaona kwanza. Nenda kama mtazamaji, ukasimame karibu na lango la kutokea, uangalie watu wanaondoka na nini mikononi. Wakiondoka na ndoo, majiko na masufuria, jua kuwa wamekuja kutafuta vyombo kwa bei ya chini, na kidani kilichokula siku mbili za kazi hakitapata haki yake mbele yao. Wakiondoka na vikapu vya ukili, kanga na vinyago, basi hapo kazi yako ina wenyewe.

Kila maonyesho yana hali yake na majira yake. Sabasaba ya Dar es Salaam, ambayo huanza mwishoni mwa Juni ikaendelea hata katikati ya Julai katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, huangukia wakati wa kusi, ambapo upepo huvuma na vumbi huinuka, na umati wake ni wa watu wa kila namna, wengi wakiwa pamoja na watoto. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanywa Februari katika Mji Mkongwe wa Unguja, huangukia wakati wa kaskazi na joto lake, na wengi katika wanaolihudhuria ni wasafiri ambao hutaka kitu chepesi, kisichovunjika, kinachoweza kuingia katika mfuko wa begi. Soko la Wamaasai la Nairobi, lihamalo mahali kwa mahali kufuata siku za juma, lina wateja waliozoea kupatana bei bila haya. Asiyeyajua haya hupeleka vitu vile vile kote, kisha akalaumu nyota yake. Tanzania Bara, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, huandaa maonyesho mikoani, na kwa mtu anayeanza ni mahali pema pa kujifunzia, kwa sababu gharama zake si za kutisha na waandaaji wamezoea kuzungumza na mafundi.

Maswali ya kumwuliza mwandaaji kabla hujalipa:

- Meza na viti vimo katika kodi, au nije na vyangu?
- Umeme upo? Huzimwa saa ngapi? Soketi moja hutumiwa na mabanda mangapi?
- Usiku nani analinda, na kitu kikipotea nani anajibu?
- Wauzaji wengine wa mapambo ni wangapi, na wamewekwa wapi?
- Jirani zangu wa kulia na kushoto watakuwa nani?

Swali la mwisho hudharauliwa na wengi, nalo lina uzito kuliko yote. Moshi wa mishkaki huingia katika nyuzi na ngozi, ukakaa humo mpaka mnunuzi anapofungua bahasha yake nyumbani. Na mwenye spika kubwa huwanyima ninyi wawili, wewe na mteja, fursa ya kusikilizana. Wala usiingiwe na tamaa ya banda la kwanza langoni. Mtu anapoingia tu hajatulia, anatafuta njia, anawahesabu watoto wake, na hataki kufungua kibeti kabla hajaona vilivyoko mbele. Banda la pembeni, lenye nyuso mbili, lililo hatua kadhaa ndani ya uwanja, ni bora zaidi, hata kama kodi yake imezidi kidogo.

Nguo ya meza

Kosa la kwanza, na ndilo tulionalo mara nyingi kuliko mengine, ni kutandika kanga juu ya meza. Kanga ni nguo adhimu, lakini ina mji wake, ina pindo lake, ina jina lake, na kila kimoja katika hivyo kinadai kutazamwa. Ukiweka juu yake kidani cha shanga za rangi sita, jicho la mpitaji halijui litue wapi, likapita. Kanga itundike mbele ya meza, ining'inie mpaka chini, ifiche masanduku yako. Juu ya meza tandika nguo isiyo na neno.

- Kaniki, nyeusi au ya nili iliyokolea, ndiyo rafiki wa fedha, wa shaba ya njano, wa lulu na wa shanga nyeupe au za rangi kali.
- Bafta au marekani isiyopaushwa inafaa kwa kifuu, pembe ya ng'ombe, mpingo na shanga nyeusi.
- Nguo yenye kumeta, kama vile satini, usiitumie kabisa, kwa kuwa hugombea mwanga na kitu unachotaka kukiuza.

Nunua dhiraa za kutosha kufunika meza nzima na kurudi nyuma, uipige pasi siku moja kabla, na ichukue ikiwa imeviringishwa juu ya fimbo, usiikunje, maana mkunjo mmoja katikati ya meza unatosha kuifanya kazi ya wiki nzima ionekane kama imetolewa mfukoni.

Kimo

Meza ya kawaida ina kimo cha sentimita 75 hivi, na mtu mzima asimamaye mbele yake hulazimika kuinamisha kichwa ili aione pete. Wengi hawainami. Kwa hiyo kazi yako ni kuyainua mapambo yaende kumlaki. Chukua masanduku madogo ya mbao, yafunike kwa nguo ile ile, uyapange kwa madaraja matatu: mbele chini, katikati juu kidogo, nyuma juu zaidi. Vidani vitundikwe karibu na kimo cha uso, juu ya ubao uliosimama au juu ya shingo ya mbao, ili mpitaji avione vikiwa vimening'inia kama vitakavyoning'inia shingoni mwake. Herini nazo zining'inizwe, zisilazwe. Pete na bangili zikae mbele, mahali ambapo mkono unafika bila kuombwa.

Shingo za mbao, matawi makavu ya mwembe, vipande vya magogo yaliyookotwa ufuoni, vyote vinafaa, madhali havina urembo kuliko bidhaa yenyewe. Niliona katika maonyesho mamoja binti aliyetundika mikufu yake ya fedha juu ya mlango mdogo uliochongwa kwa ustadi mkubwa sana, na watu wote wakawa wanauliza bei ya mlango.

Tena, usitoe vitu vyote. Toa theluthi moja, iliyobaki iweke chini ya meza, na kila kinapouzwa kimoja inua kingine. Najua kuna atakayepinga aseme, "Nisipokionyesha, nani atakijua?" Lakini mtu anayekuta bangili mia moja zimerundikwa haoni mia moja, huona rundo, na rundo lina bei ya rundo. Mwekee bangili kumi na mbili, kila moja na nafasi yake, naye atazitazama moja baada ya moja.

Mwanga na kioo

Kama una umeme, leta taa zako mwenyewe. Mwanga mweupe hufaa fedha na vito vya rangi ya buluu. Mwanga wa manjano hufaa shaba, kaharabu na akiki. Taa ielekezwe juu ya bidhaa na juu ya uso wa mnunuzi, kamwe isiwe nyuma yake. Hili la uso ndilo linalosahauliwa: mwanamke anayejaribu kidani hatazami kidani, anajitazama nafsi yake, na ikiwa kioo kinamwonyesha uso wenye giza atakirudisha kidani mahali pake bila kujua kwa nini hakukipenda.

Vioo viwe viwili, kimoja kikubwa kilichosimama kwa kimo cha uso, chenye kuweza kuinamishwa, na kimoja cha mkononi cha kutazamia masikio na kisogo. Kabla wateja hawajafika, simama mahali pao saa nne asubuhi, kisha adhuhuri, kisha alasiri, uone jua linaingia wapi, kwa maana kioo ambacho asubuhi kilikuwa neema huweza mchana kumpiga mtu machoni kwa nuru.

Kona ya stara

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ushauri unaoandikwa mbali na pwani yetu haulijui jambo hili, na wauzaji wetu wenyewe hulijua wakiwa wanunuzi, wakalisahau wakiwa nyuma ya meza. Sehemu kubwa ya wanunuzi wa mapambo katika Unguja, Mombasa, Tanga na Lamu ni wanawake waliovaa buibui na ushungi. Mama huyu ana masikio na ana shingo, anapenda vidani na vipuli pengine kuliko mgeni yeyote, lakini hawezi kuvijaribu mbele ya umati. Ukimwonyesha kioo kilichoelekea njiani umemfukuza.

Tenga pembe moja ya banda, ukubwa wa mtu mmoja na nusu, uizungushie kanga mbili juu ya kamba, uweke humo kioo, taa ndogo na kigoda. Awepo msaidizi wa kike. Utaona kwamba anayeingia humo hatoki na kitu kimoja, kwa kuwa amepata nafasi ya kujipamba kwa raha, na aghalabu humwita ndugu yake au shoga yake aje amwambie kimemkaaje.

Katika kona hiyo ndipo mahali pa shanga za kiuno. Usizitundike mbele hadharani pamoja na mikufu. Ziweke katika kikapu chenye kifuniko, na mbele andika kwa maneno machache kuwa zipo. Anayezihitaji atauliza kwa sauti ndogo, nawe mjibu kwa sauti ndogo vile vile. Mambo ya kuzingatia:

- Uwe na uzi wa kupimia, si utepe wa fundi cherehani. Mteja ajipimie mwenyewe, afunge fundo, akupe uzi, nawe utunge kwa kipimo hicho bila kutaja hesabu yoyote.
- Tumia uzi wenye nguvu, uliotiwa fundo baada ya kila tunda chache, ili ukikatika shanga zisimwagike zote.
- Usimwulize ni za nani.

Kwa wale wasiotaka kuingia faraghani, ziwepo mbele bidhaa zinazovaliwa zikaonekana juu ya vazi la stara: pete, bangili, pini za ushungi, na vikuku vyepesi.

Bei

Andika bei juu ya kila kitu. Nasikia jibu lako: "Wateja wetu wamezoea kuuliza, na nikiandika bei mtu atashtuka akimbie." Anayekimbia bei iliyoandikwa angekimbia na iliyotamkwa, lakini wapo wengine wengi ambao hukimbia kwa kuona haya ya kuuliza, wakichelea kwamba wakiambiwa elfu arobaini watalazimika kutafuta kisingizio. Hao huwaoni, kwa hiyo huwahesabu. Kibandiko kidogo, chenye tarakimu zinazosomeka bila miwani, huwaokoa na aibu hiyo.

Ama namna ya kuifikia bei yenyewe, wengi hutazama ya jirani wakapunguza kidogo, na hiyo ndiyo njia fupi ya kuifilisi kazi ya mikono. Tuchukue mfano wa kidani kimoja cha shanga, kwa shilingi za Tanzania:

- Shanga, uzi, kulabu na kadi: 6,000.
- Saa 3 za kazi, kila saa 2,500: 7,500.
- Fungu la zana, vitu vilivyoharibika na vitakavyochelewa kuuzwa: 3,000.

Jumla ni 16,500, na hii ndiyo sakafu yako. Mwenye duka akija akitaka vidani kumi na viwili kwa bei ya jumla, usishuke chini ya hapo hata kwa shilingi moja. Lakini katika maonyesho kuna gharama nyingine. Ikiwa banda limekugharimu 150,000, na nauli na chakula 90,000, nawe unatumaini kuuza vitu 60, basi kila kitu kinabeba 2,500 ya banda na 1,500 ya safari; umefika 20,500. Ongeza ujira wa kusimama na kuuza kutwa nzima, tuseme 4,500, nawe utaandika 25,000. Saa zako usizitupe. Mtu aniambiaye kwamba hazihesabu saa kwa sababu hutunga jioni akizungumza na watoto, namwuliza kama mshonaji wa mtaani naye humpunguzia bei kwa kuwa alishona akisikiliza redio.

Bidhaa zako ziwe na bei za daraja tatu. Vitu vidogo, kama vile herini za kifuu na pete za waya, kwa mwenye pesa ya soda na nauli. Vitu vya kati, ambavyo ndivyo vitakavyokulisha. Na kimoja au viwili vikubwa, vilivyotiwa ustadi wako wote, ambavyo pengine havitauzwa siku hiyo, lakini humfanya mtazamaji aelewe kuwa aliyesimama mbele yake ni fundi.

Kupatana

Bei iliyoandikwa haizuii kupatana, na anayekasirika mteja anapoomba punguzo hajakulia katika masoko yetu. Jambo la lazima ni kuamua sakafu kabla ya siku ya kuuza, uiandike katika daftari, na usiibadili kwa uchovu wa saa kumi na moja jioni. Mazungumzo mema huenda hivi:

"Dada, hiki elfu ishirini na tano? Nipe kwa kumi na tano."

"Kwa kumi na tano nitakuwa nimekupa uzi na shanga tu, mama, mikono yangu nimeitoa bure. Lakini ukichukua na herini zake, vyote viwili nitakuachia kwa thelathini na tatu badala ya thelathini na saba."

Umempa heshima ya kushinda, nawe hukukivunja kidani. Punguzo la kitu cha pili siku zote ni bora kuliko punguzo la cha kwanza, kwa sababu yule wa nyuma anayesikiliza hajifunzi kuwa bei yako haikuwa ya kweli. Na ukishampunguzia mmoja, mwenzake waliyekuja pamoja umpunguzie sawasawa; hakuna kitu kinachovunja jina la mfanyabiashara upesi kama marafiki wawili wakilinganisha bei njiani.

Ukweli wa malighafi

Sema kitu ni nini, na ukiandike. Shaba ya njano isiitwe dhahabu, wala kitu kilichopakwa fedha kisiitwe fedha; fedha ya kufulia mapambo huwa na sehemu 925 safi katika 1,000, na yenye daraja hiyo huweza kugongwa tarakimu hizo. Kioo chekundu kisiitwe marijani, wala jiwe jeupe lililotiwa rangi lisiitwe feruzi. Ndoana za herini za bei rahisi nyingi huwa na nikeli, ambayo huwasha masikio ya watu wengi. Ukizitumia, mwambie mteja, na uwe na jozi chache za ndoana za fedha za kubadilishia.

Yapo pia mambo ambayo yanaweza kukufikisha mahakamani, au kumfikisha mteja wako pabaya katika forodha ya kwao:

- Pembe za ndovu na nywele za mkia wake. Biashara ya kimataifa ya pembe iliamuliwa kupigwa marufuku mwaka 1989. Usiguse.
- Magamba ya ng'amba. Bangili zake zilikuwa maarufu zamani. Leo ni haramu ya sheria.
- Matumbawe na baadhi ya makombe ya baharini, ambayo msafiri huweza kunyang'anywa uwanja wa ndege. Kinyume chake ni kazi ya wanawake wa Fumba na Bweleo huko Unguja, ambao hufuga chaza na kufanya mapambo kwa makombe yake: hapo unaweza kumweleza mnunuzi kitu kimetoka wapi na kwa njia gani.
- Mifupa na pembe za ng'ombe ni halali kabisa, lakini kwa macho ya afisa hufanana na kitu kingine. Andika wazi "mfupa wa ng'ombe" katika kibandiko na katika risiti.
- Tanzanaiti na vito vingine vya madini. Biashara yake ina leseni. Uliza ofisi ya madini kabla hujaweka hata kipande kimoja mezani.

Na kwa kuwa tumeitaja tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967: ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, na vumbi la uwanja lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7. Anayelifuta jiwe hilo kwa kitambaa kikavu kila saa, akidhani analing'arisha, analikwaruza. Puliza kwanza, kisha pangusa taratibu kwa kitambaa laini chenye unyevu. Shaba hung'arishwa kwa ndimu na majivu laini, ikaoshwa kwa maji matamu na kukaushwa papo hapo. Fedha huhifadhiwa katika sanduku lenye kipande cha chaki, ambacho hunyonya unyevu wa pwani.

Mwenendo wako nyuma ya meza

Amkia kwanza. "Hujambo, mama? Karibu utazame." Kisha nyamaza, ushike kazi. Anayetunga shanga mbele ya watu huwavuta bila kuwaita, na macho yake yakiwa juu ya uzi humwachia mteja uhuru wa kushika vitu bila kuhisi kuwa analindwa. Anapokiinua kitu, hapo ndipo useme sentensi moja tu, iwe ya kitu hicho: kwamba kifuu hicho kilisuguliwa kwa mkono, au kwamba kulabu hiyo haifunguki ovyo. Ukisema kumi, atakirudisha ili apate kuondoka kwa adabu.

Makosa tuyaonayo kila mwaka:

- Kukaa kwenye kiti cha chini nyuma ya meza, ukizama katika simu.
- Kula wali mbele ya bidhaa, kisha kuushika mkufu wa fedha kwa vidole vyenye mafuta.
- Kutovaa chochote cha kazi yako mwenyewe.
- Kuruhusu herini zijaribiwe katika tundu la sikio. Zisogezwe karibu na sikio mbele ya kioo, inatosha. Aliyekwisha kununua apewe pamba na spiriti.
- Kuwa na bangili za kipimo kimoja. Weka tatu, na usimwambie mtu kuwa mkono wake ni mnene. Mpe kubwa zaidi bila maneno.
- Kumsema vibaya jirani auzaye mtindo kama wako.

Upepo, wezi na malipo

Kwa kusi: mifuko ya mchanga kwenye miguu ya banda, kadi za herini zipigwe pini juu ya ubao, na turubai jepesi la kufunika meza yote kwa dakika moja mvua ikitokea.

Wezi ni wachache kuliko wanavyodhaniwa, na dawa yake si kuvifungia vitu vyote, maana kilichofungiwa hakishikwi. Vyenye thamani kubwa peke yake vikae katika sanduku la kioo. Vingine vipange kwa hesabu unayoijua: ubao wa pete wenye matundu ishirini, mistari ya herini kumi kumi. Pengo likitokea utaliona kwa kutupa jicho. Wakija watu wengi kwa pamoja wakikuuliza maswali matatu mara moja, mjibu mmoja, na msaidizi wako atazame mikono.

Uje na chenji ya noti ndogo na sarafu, katika mfuko uliofungwa kiunoni, si katika kikopo. Andika lipa namba yako kwa herufi kubwa mahali panapoonekana, na uchaji simu usiku kucha. Mteja akikuonyesha ujumbe wa malipo katika simu yake, mshukuru, na usubiri ujumbe ufike katika simu yako wewe kabla hujamkabidhi kitu. Ujumbe wa kughushi umewaliza wengi, na mlipaji wa haki hachukii kungoja.

Kufunga bidhaa kuwe kwa karatasi ya khaki au kijimfuko cha bafta. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia. Ndani tia kadi yenye jina lako, namba ya simu, jina la malighafi, na mstari mmoja wa matunzo: kwa mfano, kwamba fedha ivuliwe kabla ya kuoga baharini na ivaliwe baada ya kujipaka manukato, si kabla.

Oda na matengenezo

Faida kubwa ya maonyesho pengine haiko katika siku zile za kusimama. Bibi harusi atakuja atake vidani vitano vinavyofanana. Mwenye hoteli ataomba bangili za kuweka katika duka lake. Mwingine atakuja na mkufu wa mama yake uliokatika, akutake uurudishie uzima. Uwe na daftari lenye safu za jina, simu, kipimo, rangi, siku ya kukabidhi na bei iliyokubaliwa, na umsomee mteja maneno uliyoyaandika kabla hajaondoka. Andika pia vitu vilivyoulizwa ukawa huna. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia utunge nini kabla ya maonyesho yajayo.

Chukua arubuni ya nusu kwa kila oda, hata kutoka kwa jamaa yako, na hasa kutoka kwa jamaa yako, maana shanga za rangi iliyochaguliwa na mtu mmoja hazimfai mwingine kwa urahisi. Toa risiti ya arubuni hiyo. Matengenezo ya kitu ulichokiuza wewe yafanye bure kwa muda ulioutaja katika kadi, miezi mitatu au sita, ilimradi uzi umekatika wenyewe. Na ya kitu kisicho chako yataje bei kabla hujakipokea, mbele ya mwenyewe, mkiwa nyote wawili mmeona ni shanga ngapi zimekwisha kupotea.